Kabichi za Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Nimechungulia shamba la shemeji, kaka wa mke wangu. Kabichi zake hazina tundu hata moja! Zangu ni chekeche. Viwavi wanaingia na kutoka kama wenye nyumba. Na Jumamosi mpishi mkuu wa shule ya bweni anakuja kuchagua shamba la kumpa mboga mwaka mzima. Shamba moja tu. Mke wangu kasema kaka yake ana mkono wa baraka tangu utotoni. Nikauliza, na mimi nina mkono wa nini? Akaenda kuanua nguo.

Jumanne, 4 Juni
Dukani kwa muuza dawa za mimea. Akauliza nasumbuliwa na mdudu gani. Nikamjibu, shemeji. Akacheka mpaka akashika kaunta. Nikamwambia anipe ile anayotumia shemeji. Akasema dawa hainunuliwi kwa wivu, kwanza nimletee jani lililoliwa alione. Jani! Utadhani napeleka mgonjwa zahanati. Nikatoka mikono mitupu, kichwa juu.

Jumatano, 5 Juni
Nimekwenda kumjulia hali shemeji, ingawa hali yake ndiyo inayoniumiza. Alipoingia ndani kunitafutia kiti, mimi huyo, stoo. Rafuni chupa ya soda, imeandikwa kwa kalamu: DAWA YA MAJANI. Kumbe! Majani yang'ae vile bure? Nikamimina nusu kwenye chupa yangu. Aliporudi akauliza mbona natoka jasho. Nikasema ni furaha ya kumwona.

Alhamisi, 6 Juni
Bomba mgongoni, nimepiga dawa shamba zima. Yeye bila shaka huweka kizibo kimoja. Mimi nimeweka vinne. Mwenye wivu ajinyonge!

Jumamosi, 8 Juni
Kabichi zimelala. Manjano, kahawia, chali. Mpishi mkuu kafika na bwana shamba, akauliza kwa upole hapa palipandwa nini. Bwana shamba akaiona chupa, akaniuliza: kwani mzee, dawa ya mbu humtibu mbu? Hii ya majani huua majani! Nyasi, magugu, na kabichi za mtu asiyeuliza. Mpishi akavuka kwenda kwa shemeji. Mke wangu nyuma yake, kabeba kikapu cha kuvunia. Kikapu chetu!

Jumapili, 9 Juni
Shemeji ndiye kachaguliwa. Na bado kaja na kabichi mbili, kunipa pole. Ya chupa hakuyagusa, alisema tu, shemeji yangu, si ungeniuliza? Eti hana siri. Kila asubuhi hukagua jani moja moja, hupiga dawa akiona viwavi tu, kwa kipimo cha kwenye kopo. Na miche iliyobaki nichukue nitakavyo. Nimemsikiliza kwa adabu zote. Mtu mwema kiasi hicho ana lake jambo! Kabichi ni tamu, nimeila kwa hasira. Ila kosa langu nimelijua. Nilichukua chupa ya mbele. Ya maana kaificha nyuma ya hiyo, rafuni.

Kesho nitakwenda kumshukuru.