Kibali cha Tonge la Ugali

Mkaguzi wetu, Bwana Muzammil, hakuwa na gari, mizani, kipimajoto, glavu wala kiti cha kukalia. Idara ya Ukaguzi wa Vikaangwa ilimpa kitu kimoja tu: sheria. Nami, katibu wa soko la samaki hapa Bagamoyo, natangaza kwa fahari kwamba ilitutosha.

Sheria ni nyepesi. Kumpa mkaguzi chochote ni kumhonga. Kumchelewesha ni kumzuia kazi. Bi Mardhiya, mkaanga samaki, alimwambia tu, "Karibu kiti, mwanangu," akapatikana na makosa yote mawili: kiti ni hongo, na kukaa ni kuchelewa.

Jumatatu mkaguzi akaja kulichukua karai la Bi Mardhiya, kama adhabu. Shikamoo hakutoa, maana maamkizi nayo yanachelewesha.

"Nitakaangia nini, baba? Wajukuu wangu wanakula kwa karai hilo."

"Andika barua ofisini. Subiri majibu."

"Yatakuja lini?"

"Mama, unanichelewesha."

Akalipakia kwenye bajaji. Kisha akachukua sampuli. Kwa kuwa vipimo hana, sampuli hupimwa kwa mdomo. Hiyo si hongo: hongo hutolewa, sampuli huchukuliwa. Siku hiyo alichukua mwatiko, samaki aliyejaa miiba hadi mkiani, akamla kwa kasi ya mtumishi wa umma.

Ghafla akashika koo. Macho yakamtoka.

Dawa ya mwiba kila mtoto wa pwani anaijua: tonge la ugali, limezwe bila kutafunwa. Bi Mardhiya alikuwa na ugali wake wa mchana. Akafinyanga tonge, lakini mkono ukaishia hewani.

"Katibu, hii si hongo?"

"Ni hongo," nikasema. "Tena ya moto."

Mkaguzi akanyoosha mkono achukue mwenyewe.

"Bwana mkaguzi," nikamkumbusha, "ugali haukaangwi. Hauko chini ya mamlaka yako."

"Mzee, mpeni bwana!" dereva wa bajaji akapiga kelele. "Jamaa anakata moto!"

"Kijana, usimzuie mkaguzi kufuata sheria."

Nikakaa, nikaandika barua kwa mwandiko mzuri. Maombi mawili, kuokoa karatasi: karai lirudishwe, na mkaguzi aruhusiwe tonge moja. Akasaini bila kusoma, machozi yakimtiririka. Kwa karai, saini yake ilitosha. Likashushwa papo hapo, na mafuta yakaanza kuchemka. Kwa tonge haikutosha, kwa sababu mtumishi hajiidhinishii manufaa.

Nikalamba bahasha, nikaibandika, nikaigonga muhuri na kumkabidhi dereva. Bajaji ikaondoka kuelekea ofisini.

"Majibu... lini?" mkaguzi akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Subiri tu, mwanangu," akasema Bi Mardhiya, akigeuza samaki. "Ila kiti sikupi."