Mashine ya Kalisti na Kihenge cha Bati

Jumatatu, 2 Juni 2025

Na ndiyo maana bado nasema kosa si la mashine, ni la redio ya Mzee Halfani. Redio gani inanguruma kwa sababu mayai thelathini yanapashwa joto jirani yake? Kalisti hataki kusikia.

Mume wangu! Wiki ya tano tangu tutoke kanisani, na bado nikimwona ameshika bisibisi moyo unanirukaruka. Ila ukweli wake utanimaliza. Leo tumepeleka mashine yake ya kutotolea vifaranga dukani kwa Mzee Halfani, aiweke kwenye kabati la mbele. Kuiwasha tu, redio ya dukani ikaacha habari ikaanza kuvuma. Mzee akaniuliza, "Binti, hii inatotoa vifaranga au nyuki?"

Wateja wakacheka. Mtu mwingine angelaumu redio. Kalisti akakiri! Akasema mashine inatoa mawimbi machafu, ataishughulikia, na tarehe 9 Julai itapimwa kwenye maabara ya viwango Dar es Salaam. Mzee akajibu kwamba kabati ni moja. Kama mpaka Jumamosi redio yake haisikiki vizuri mashine ikiwa imewashwa, ataweka mashine za mtu wa Mbeya.

Mwaka mzima Kalisti ameiunda. Hakuna duka jingine Sumbawanga lenye wateja kama lile. Nimeamua kumsaidia. Kimyakimya.

Jumanne, 3 Juni

Mpango wa kwanza. Redio ya memori kadi haitafuti stesheni, kwa hiyo hakuna cha kuvurugwa. Nikampelekea Mzee Halfani moja kama zawadi, na kaswida ndani. Shikamoo ya heshima, magoti yakigusa sakafu. Mashine ikawaka. Kaswida mbili zikapita safi kabisa. Mzee anatikisa kichwa kwa raha.

Nilisahau kwamba kadi ilitoka kwenye simu yangu ya zamani. Baada ya kaswida ya pili ikafuata sauti yangu, kabla ya ndoa, nikimwambia Kalisti kwamba yeye ndiye blanketi langu la Juni, na mengine ambayo siandiki hata hapa. Duka limejaa! Nilikuwa natafuta kitufe cha kuzimia, nikapata cha kuongeza sauti.

Mzee alishukuru kwa zawadi. Akasema lakini yeye ni mtu wa taarifa ya habari, na hiyo haimo kwenye kadi. Akaniomba nimsalimie Blanketi.

Jumatano, 4 Juni

Duka zima sasa linamwita mume wangu Blanketi. Amecheka tu. Malaika!

Wakati wa chai nilimuuliza maabara wanapimaje. Akaeleza: kuna chumba kilichozungushiwa chuma pande zote. Mawimbi ya nje hayaingii, kwa hiyo kinachosikika humo ni sauti ya mashine peke yake. Alikuwa anachora chumba kwa kijiko mezani. Vidole vyake! Nusu ya maelezo sikuyashika.

Lakini chuma nilikishika. Baba mkwe ana kihenge cha bati kule Mpui, kirefu kuliko mimi, na kwa sasa ni kitupu kwa sababu mahindi bado yako shambani. Nitaipimia mashine humo mwenyewe, ila nimemwambia Kalisti kesho naenda kuwasalimia wazazi wake. Machozi yalimlenga.

Jumatano hiyohiyo, baadaye

Nimeweka kwenye begi mashine ya akiba, betri ya sola na redio yenye betri mpya. Juu yake kitenge, visionekane.

Alhamisi, 5 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mama mkwe, Mama Hellena, nilimwambia nimekuja kusafisha kihenge kabla ya mavuno. Alifurahi mno. Nikaingia kwa juu na vitu vyangu, nikamwomba afunike, vumbi lisimfikie. Akafunika, akabana na komeo. Kisha kwa upendo wake akaenda shambani kunichimbia viazi. Shamba lenyewe liko ng'ambo ya kilima.

Mwanzoni raha. Redio kimya, hakuna stesheni hata moja. Chumba cha maabara kabisa! Nikawasha mashine. Redio ikavuma kuliko dukani. Nikataka kutoka. Kifuniko hakisogei. Nikapiga simu. Hakuna mtandao. Bati lililozuia stesheni limenizuia na mimi.

Saa mbili na nusu nimekaa humo, napumulia tundu la chini la kutolea mahindi. Mikono isiyo na kazi huniwasha, nikazisokota nyaya mbili za betri kama twisti za kichwani, toka mwanzo hadi mwisho. Kelele za redio zikafifia. Nikajua nayo inakata roho.

Aliyenifungulia ni baba mkwe, Mzee Mathias. Alichungulia, akanishika mkono nitoke.

"Fundi aliniapia panya hataingia humu," akasema. "Kuhusu wakwe hakusema kitu."

Majirani walikuwa sita. Nimewahesabu.

Ijumaa, 6 Juni

Habari imefika mjini kabla yangu. Kalisti hakunigombeza. Aliuliza kama nimeumia, kisha akaiona mashine, akaniuliza nyaya nimezifanya nini. Nikamwambia ni uchovu tu. Akawasha redio. Akazinyoosha nyaya, redio ikavuma. Akazisokota, ikatulia. Akarudia mara nne, akieleza jinsi waya mmoja unavyofuta kelele za mwenzake. Akanibusu vidole.

Mimi nilikuwa namwangalia yeye, si nyaya.

Jumamosi, 7 Juni

Amezisokota na nyaya za mashine ya dukani. Saa nzima pembeni ya redio, na habari imesikika mpaka hali ya hewa! Mzee Halfani akamwambia, "Kabati ni lako, Blanketi. Lakini mimi nauza kitu chenye cheti. Ikianguka maabara, naita Mbeya."

Kalisti anamwambia kila mtu kwamba aliyeiponya ni mke wake. Nililia barabarani.

Jumapili, 8 Juni

Amelala baada ya misa. Nimefungua boksi la mashine ya akiba, ndiyo itakayokwenda maabara. Zile nyaya zilizosokotwa zinatia aibu! Kama kichwa kilichoachwa katikati ya kusukwa. Wataalamu wa makoti meupe wamcheke mume wangu? Nimezinyoosha zote, nikazifunga na utepe wa harusi, boksi nikalipiga gundi.

Najua kilichoiponya. Ni kule kukaa ndani ya bati. Saa mbili na nusu tu, na imetulia hivi! Ikikaa siku nzima? Shangazi Albina wa Namanyere ana kontena tupu la chuma nyuma ya nyumba. Nimemuuliza kuhusu mlango. Amesema ni mzito na unafungwa kwa nje tu. Bora zaidi. Nimemwandikia kwamba kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kumsalimia, na asihangaike kunipikia, nitakuwa ndani.