Mashindano ya Kupumzika Kijumbani kwa Mama Mkwe

Jumamosi, 26 Julai

Tumefika! Hardanger, kijumbani kwa mama mkwe, mlima mgongoni na bahari miguuni. Likizo ya polepole imeanza rasmi. Nimeendesha mbio ili ianze mapema. Barabara imejaa magari ya kulala ya Wajerumani, yanajikokota, watu wanachungulia maporomoko ya maji madirishani. Nimeyapita yote. Gunnveig, mke wangu, ameng'ang'ania mlango njia nzima akiniuliza kama hivi ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu. Mimi ni mwalimu wa udereva, Bergen. Mtu mtulivu. Kila mtu anajua.

Mama Borghild alikuwa amesimama mlangoni. Miaka themanini na moja, mgongo umenyooka kama mlingoti. Hakungoja hata tushushe mizigo. Akatangaza kwamba amechoka kutunza ufunguo wa kijumba. Jumamosi ijayo atamkabidhi mmoja wa watoto wake wawili, Gunnveig au Sjur, yule ambaye watu wa nyumba yake wanajua kupumzika hapa. Marehemu mzee, mume wake, hakuwajengea kijumba watu wenye haraka, alisema, na akaingia ndani kukoroga kahawa.

Sjur ni shemeji yangu. Alihamia Oslo, akarudi na lafudhi. Akipata ufunguo ataweka beseni la maji moto juu ya mwamba wetu wa pwani. Lenye taa za rangi! Mwamba nilipomposa Gunnveig! Na sisi tutatupiwa wiki moja ya Oktoba, mvua na panya. Haiwezekani. Nakipenda kijumba hiki kuliko nyumba yangu mwenyewe.

Mpango: kupumzika kumshinda Sjur. Nitapumzika mpaka aombe radhi.

Jioni Sjur kafika na kitanda cha wavu. Kakifunga kati ya miti miwili, kajitupa humo, kanitabasamia. Vita!

Jumapili, 27 Julai

Nimelala mpaka saa sita mchana. Kwa nidhamu kubwa! Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa macho tayari, mguu wa kulia ukikanyaga breki kwenye godoro. Lakini sikutoka. Nikafunga pazia nikakaza roho.

Balaa: nje kulikuwa na jua. Jua la kwanza baada ya wiki mbili! Upande huu wa nchi jua likitoka hata wagonjwa wanatolewa nje, na mimi, mzaliwa wa hapa hapa, nikasahau. Mama mkwe kaingia, kanishika paji la uso. Kisha akamwambia Gunnveig, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ghuba, kwamba mtu wa kukaa ndani siku ya jua ama anaumwa ama anatafutwa na polisi, na angependa kujua mkwewe ni yupi kati ya hao wawili.

Sjur wakati huo yuko mwambani na kipande kimoja cha mkate kwa jibini la kahawia. Kimoja! Kakila saa nzima. Kafundishwa na nani?

Gunnveig hasaidii hata kidogo. Kakaa pale anafuma soksi. Akikosea anafumua, anaanza tena, anacheka peke yake. Nimemwambia tuko vitani. Kasema, "Sogea, mume wangu, umenizibia jua."

Jumatatu, 28 Julai

Ushindi! Mkubwa! Ingawa haukwenda nilivyopanga.

Nilipanga kuvua samaki bila ndoana. Mvuvi asiyejali samaki, nani atamzidi utulivu? Nikaketi kwenye kimashua cha makasia kilichofungwa gatini, kofia usoni, uzi mtupu majini. Mama mkwe alikuwa kibarazani na darubini yake. Hiyo darubini haimtoki shingoni, anajua nani kapaka rangi ya dirisha ghuba nzima. Nikajinyoosha vizuri ili aone.

Kamba niliifunga kwa haraka. Naungama. Nikasinzia, mkondo ukanichukua. Kushtuka, ni honi ya feri! Ipo juu yangu, imesimama, abiria wote ukingoni wanatoa macho. Makasia nimeyaacha gatini. Ningepiga kelele? Ningepunga mikono kama mtu anayezama? Mbele ya darubini ile? Sikupiga. Nikavua kofia, nikawasalimu taratibu, nikairudisha usoni. Nahodha alisema maneno kwenye kipaza sauti ambayo sitayaandika hapa.

Mjerumani mmoja mwenye boti akanivuta mpaka nyumbani. Nikajua nimekwisha. Lakini mama mkwe kashusha darubini, kasema, "Eilif, baba, tangu nizaliwe sijaona mtu anapotea kwa raha namna hiyo." Akanikatia kipande cha keki kikubwa kuliko cha Sjur! Sjur kashindwa kumeza. Usiku mzima nimecheka ndani ya mto.

Jumanne, 29 Julai

Mvua. Nimejaribu kupotea tena baharini. Kamba haikufunguka. Nimelowa mpaka mifupani, nimepata mafua, sijapewa keki.

Jumatano, 30 Julai

Sjur kanipita. Kagundua kukaa kimya. Anatazama milima na kuvuta pumzi ndefu, mama mkwe anatikisa kichwa kuafiki. Nimejaribu na mimi. Sekunde chache tu nikajikuta nauliza kama kuna anayetaka kujua bei ya matairi ya majira ya baridi. Hakukuwa na anayetaka.

Lakini nimepata wazo! Wazo la maisha yangu!

Multe. Yale matunda ya manjano ya kinamasi cha mlimani, moja moja juu ya kikonyo, matamu kwa krimu ya maziwa. Yameiva sasa. Kila ukoo hapa una kinamasi chake na hakuna anayekitaja. Watu wanamdanganya mchungaji wao, wanamdanganya daktari wao. Mama mkwe anacho bora kuliko vyote, na amewaficha hata watoto wake aliowazaa. Marehemu mzee naye alikuwa na chake; alipokata roho, watoto walikuwa kitandani wamemwinamia wakisubiri, na neno lake la mwisho lilikuwa "ng'o".

Sasa fikiria: Ijumaa jioni Eilif anashuka mlimani, hana haraka, ndoo imejaa multe mkononi. Mtu wa hapa! Mtu wa kukabidhiwa ufunguo!

Kesho mama mkwe anapanda. Nimemwona akisuuza ndoo. Nitamfuata.

Alhamisi, 31 Julai

Sijui nianze wapi.

Mama mkwe katoka baada ya chai. Mlangoni kuna misumari minne ya kutundikia vikombe vyetu vya mbao. Nilipopita kimebaki kimoja tu, cha Gunnveig. Nikadhani vingine vinaoshwa. Gunnveig, soksi mkononi, hata hakuuliza kwa nini nimevaa koti la kijani na majani kofiani. Kanitakia matembezi mema.

Lo, bibi yule anatembea polepole! Hatua tatu, anasimama. Anatazama ghuba. Anashika jiwe. Anaongea na kondoo. Nami nyuma yake, kichaka hadi kichaka, nikisimama anaposimama. Mguu wangu wa kulia ukawa unakanyaga mafuta peke yake.

Halafu wapandaji. Mjini Bergen watu hawa hawa wangejifanya wanasoma simu wasikusalimie. Wakipanda mlima, wanamsalimia kila kiumbe. Kundi zima likapita. "Habari za leo!" wananiambia, mimi nimelala kifudifudi chini ya kichaka. Nikajibu kwa mnong'ono kwamba nzuri. "Siku njema sana!" Njema, ndiyo, piteni! Wakapita. Kisha nikawasikia, hatua chache mbele, wakikisalimia kichaka kingine. Nikawaza: watu wa adabu, hawa.

Mama mkwe akaketi kupumzika. Akakaa. Akazidi kukaa. Sikuwa na la kufanya, nikalala chali. Mawingu yalikuwa yanapita juu ya theluji ya kileleni. Chini, ghuba ilikuwa kijani, feri ndogo ikienda na kurudi. Kuna kijito kilikuwa kinaongea karibu na sikio langu. Mguu ukatulia. Wenyewe! Nikahisi raha, raha hasa, ambayo sijawahi kuihisi tangu nipate leseni. Nikawaza, hapa pazuri, na sihitaji kitu.

Ilidumu kiasi cha kunywa maji. Kisha kichaka cha jirani kikapiga chafya.

Sjur! Naye kajifunika majani! Nikamnong'oneza kwamba ni mwizi wa siri za mamake mzazi. Kaninong'oneza kwamba angalau yeye ni mamake. Nikamwita Mwoslo. Akaniita breki mbovu. Nikamvuta kofia, akanivuta mkanda, tukabiringika kutoka kichakani, watu wazima wawili, mpaka kwenye kinamasi. Chubwi! Matope mpaka kifuani.

Tulipopangusa macho, mama mkwe alikuwa ameketi juu ya jiwe anatutazama. Pembeni yake themosi. Na mbele yake, juu ya kitambaa, vikombe vitatu.

"Njooni, wanangu, kahawa inapoa," alisema. Alituona tangu getini. Alisema ametembea polepole kwa sababu yangu, maana ninahema vibaya. Na hapa hapana multe hata moja, hajawahi kuona multe hapa. Anapapenda kwa sababu ya kutazama tu.

Tukanywa. Nakiri kahawa ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kunywa. Sjur alikuwa na chura mfukoni, tukacheka sote watatu mpaka mama mkwe akashika mbavu. Tulishuka jioni, yeye katikati, ametushika mikono.

Kisha nikakumbuka ufunguo. Tumekwisha.

Jumamosi, 2 Agosti

Makabidhiano. Tumekaa mwambani, mashati safi.

Mama mkwe kasema ameangalia wiki nzima kwa darubini. Kasema ameona watu wawili wakitoka jasho kwa kupumzika. Na ameona mmoja aliyefuma soksi, akaifumua, akaifuma tena, na kila asubuhi akaingia baharini kuogelea bila kumwambia mtu. Akamwekea Gunnveig ufunguo mapajani, juu ya soksi.

Gunnveig kalia. Mimi nimelia zaidi. Nimelia kwa sauti! Mwamba umepona! Sjur katupongeza, machozi yamemlenga, na Gunnveig kamkumbatia, kamwambia Julai nusu ni yake, ila taa za rangi asahau. Mke wangu! Ameshinda mashindano ambayo hata hakushiriki!

Halafu mama mkwe akamwinamia Gunnveig, akamnong'oneza sikioni. Kwa muda mrefu. Akionyesha mlimani.

Nikaacha kulia.

Jumapili, 3 Agosti

Wote wameondoka, tumebaki mimi na Gunnveig. Mama mkwe kapanda feri ya jana. Sjur naye kaaga, kasema ana haraka ya kufika Oslo. Wiki hii imenibadilisha. Nimekuwa mtu mwingine kabisa: mtulivu, sina papara, sitamani siri ya mtu. Kahawa ile ya mlimani imenifundisha maisha.

Naandika haya nikiwa chini ya kichaka. Gunnveig yuko juu kidogo, na ndoo. Katoka baada ya chai, kasema anakwenda kutembea tu. Kutembea na ndoo! Safari hii nimepaka matope usoni, sionekani kabisa. Anatembea polepole mno, mke wangu. Kasimama anaongea na kondoo. Nikijua kinamasi kilipo, mwaka ujao nitawahi kupanda kabla ya jua, nijaze ndoo mbili, kisha nipumzike kuliko mtu yeyote Hardanger.

Wapandaji wamepita sasa hivi, wamenisalimia. Kisha wamekisalimia kichaka cha pale kushoto. Watu wa adabu sana.

Kitu kimoja tu kinanitatiza. Nilipotoka, misumari ya mlangoni ilikuwa na kikombe kimoja, cha mama mkwe. Gunnveig kabeba vitatu. Vitatu vya nini, na sisi tuko wawili?