Ekzosi ya Mjomba wa Bibi Arusi

Jumatatu, 8 Desemba

Dada yangu Mildred amekuja hapa Kimumu asubuhi kukagua pikipiki yangu. Jumamosi anamwoza binti yake Ashley kule Turbo, na mbele ya magari lazima kuwe na pikipiki moja ya kufungua njia. Mjomba wa bibi arusi ni mimi. Sasa atangulie nani?

Mildred akainama, akaangalia ekzosi, lile bomba la moshi. Akauliza ilipigana na nani.

Sibishi. Kromu imeungua kwa moto wa injini. Kuna bluu, kuna zambarau, kuna manjano, kama jicho la mlevi Jumatatu. Akasema atakagua tena Ijumaa jioni. Ikiwa bado hivyo, atatangulia Wachira, na mimi nitakuja nyuma ya lori la sufuria.

Lori la sufuria! Mimi! Mjomba mzima!

Wachira ni jirani yangu mwenye duka. Kiti cha pikipiki yake bado kina nailoni ya kiwandani. Mwaka wa pili huu.

Jumanne, 9 Desemba

Nimesugua ekzosi kwa ndimu na dawa ya meno. Bluu haijatoka, ila sasa ina pumzi safi.

Mke wangu Namalwa ameuliza dawa ya meno imeenda wapi. Nikasema labda ni panya. Akasema huyo panya ana bahati ya kuwa na meno yote, tofauti na watu fulani. Halafu akanikumbusha kwamba shati langu la arusi liko kwa fundi, kamati ilishachagua rangi. Kamati! Sijakanyaga mkutano hata mmoja. Ukienda pale unapewa kazi ya kubeba viti. Nikamwambia alichukue yeye, mimi niko na shughuli ya kromu.

Jumatano, 10 Desemba

Nimesikia siri ya kromu mjini: karatasi ya foili na soda. Shida ni kwamba foili na soda ziko kwa Wachira.

Nikaingia dukani na uso wa mtu anayepanga kuoka samaki. Wachira akauliza samaki gani. Nikasema mkubwa. Akauliza kama huyo samaki ana magurudumu. Wateja wakacheka mpaka mama mmoja akaweka mayai yake chini.

Lakini imefanya kazi! Nimesugua, nimesugua, na kromu ikatokea nyeupe kama meno ya panya wa Namalwa. Furaha ikanishinda. Nikazunguka mtaa mzima na gia ya kwanza, polepole, injini ikinguruma, ili hata wagonjwa walioko ndani waone.

Nimerudi nyumbani nikakuta bluu imerudi kabla yangu. Na sisimizi juu, kwa sababu ya soda.

Namalwa akasema ni ule mwendo wa kunguruma polepole, injini haipati upepo, lazima iunguze bomba. Nikamwambia apunguze wivu.

Ijumaa, 12 Desemba

Ushindi! Wachira mwenyewe aliniuzia mkebe wa dawa ya kung'arisha, akaniombea kabisa pale kaunta. Nimesugua kutwa nzima. Mkono wa kulia hauwezi kushika kijiko.

Sikuwasha injini, mimi si mjinga. Nimeisukuma mpaka kwa Mildred, kilima chote, na viatu vya kanisani. Mildred akainama, akajiona kwenye ekzosi, akarekebisha kilemba. Akasema haya, Wepukhulu, utatangulia. Wachira atafuata nyuma yako.

Nyuma yangu! Nimeomba lirudiwe hilo neno.

Jumamosi, 13 Desemba



Asubuhi stima ilikuwa imepotea. Namalwa akanivalisha shati gizani, nikapiga koti juu, tukaondoka. Mpaka Turbo tulienda mwendo wa ng'ombe mwenye mimba, maana gari la Ashley lina maua yasiyotaka upepo. Kufika lango la kanisa, akina mama wa Turbo wakasimama mbele na nyimbo. Bibi arusi hashuki mpaka aimbiwe, na wale mama walikuja wamekunywa chai ya kutosha.

Kuzima injini siwezi. Yangu ikizimwa ni ya kusukumwa, na mjomba hasukumwi mbele ya wakwe.

Basi ikanguruma. Na rangi zikaanza kurudi. Wachira, nyuma yangu, akawa mtangazaji wa mpira: "Manjano hiyo! Zambarau yaja! Bluu! Bluuuu! Mzee Wepukhulu, lori la sufuria linakuulizia!"

Nikavua koti, nikaifunika. Lililofuata ni moshi. Shangazi Nanyama akapiga nduru kwamba mjomba anaungua, akalinyakua koti na kulikanyaga. Lango zima likaona ekzosi, bluu na dhahabu, ikimeta juani.

Nikatafuta lori kwa macho.

Halafu vigelegele! Nikajitazama kifuani: shati la bluu, kola ya dhahabu. Nikawatazama watu: bluu na dhahabu, kuanzia vilemba mpaka utepe wa lango. Wiki nzima sikuwa na macho ya nguo. Mshereheshaji akatangaza kwamba mjomba ameivalisha mpaka pikipiki sare! Ashley akashuka mwenyewe, wimbo haujaisha, akasema, "Anko, ulijuaje?" Nikasema mjomba hujua. Akataka picha hapo hapo.

Wachira akaombwa asogeze ile yake. Eti inang'aa vibaya kwenye picha.

Jumapili, 14 Desemba

Baada ya ibada amenijia Mzee Okumu wa Chepsaita. Mwanawe anaoa Januari, na wameona picha. Wanataka ile ile pikipiki ya sare. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Rangi yao ni kijani.

Namalwa ameuliza ni moto gani huo unaochoma bomba likawa kijani. Akasema kwanza ninunue koti. Wivu tu.

Nimeenda kuomba ushauri kwa Wachira. Amefikiria sana, ameangalia dari, kisha akanifungia furushi bila hata kutabasamu. Jamaa amekuwa mtu mzuri siku hizi.

Kesho naanza kusugua kwa majani ya sukuma wiki.