Toa Kidole, Aleksi

Jumatatu, 10 Februari 2025. Ulyankulu.

Bani la mama mkwe, banda lake la kukaushia tumbaku, limejaa saa nne asubuhi. Fito 312 za tumbaku mbichi. Nimezihesabu mwenyewe, na Mama Esperansi ameikubali hesabu yangu bila kuirudia. Heshima hiyo sijaipata tangu nimuoe Janeti. Mwaka jana kipimajoto chake cha kioo kilivunjika mikononi mwangu, na tangu hapo anapima joto la bani kwa kubandika kiganja ukutani.

Leo nimelipa deni: nimemtengenezea kipimajoto cha umeme. Bodi ndogo, waya wa mita nane, sensa ndani, kioo cha namba nje, honi. Joto likishuka chini ya nyuzi 35, honi inalia, mtu anaongeza kuni. Mama atalala. Ana miaka 63 na msimu wa kukausha huwa halali.

Mezani, kwa waya mfupi, imesoma 27 bila shida. Siri yangu ni hii: nimeondoa rezista moja, kile kipande kidogo cha kukinza umeme, ambayo wote kwenye kundi letu la mtandaoni, Saketi za Bara, wanachama 214, huiweka pale waya wa sensa unapoingia kwenye bodi. Wanaigana tu. Mimi sikusoma chuo, nimejifunza kwa redio mbovu, kwa hiyo kila kifaa nakiuliza kazi yake. Hiki hakikunijibu. Nimetuma picha kundini, kona hiyo nimeifunika kwa kidole gumba. Admini wetu, Yaser, ana duka la simu Tabora mjini na macho ya kunguru. Asije akauza ubunifu wangu.

Mengine yote walinifundisha wao. Nashukuru.

Jumanne, 11 Februari

Saa moja asubuhi kioo kinasoma −127. Honi hainyamazi. Shemeji Niyokwizera, mtiifu kupita kiasi, ameshasukuma magogo tisa tanuruni. Mama Esperansi akaja, akagusa ukuta, akaondoa mkono upesi, akavuta magogo saba nje. Kisha akaniuliza kwa upole kama kwa baridi ya namna hiyo avae sweta.

Fito kumi za chini zimeungua. Zimebaki 302. Jani likikauka kabla ya kugeuka njano halina mnunuzi, na hili ndilo bani lake la pekee msimu huu.

Nimepanda kichuguu cha nyuma ya bani, ndiko mtandao uliko. Nimetuma picha nne. Yaser amejibu baada ya dakika mbili: "Kaka, toa kidole." Nikamwambia tatizo haliko hapo. Ngollo, fundi pampu wa Lusu, akauliza kama kidole nacho ni sehemu ya saketi, maana kimo kwenye picha zote nne.

Jumatano, 12 Februari

Nimebadilisha betri. Nimebadilisha sensa. Nimeandika upya programu. −127.

Kundini kuna jumbe 61, na 48 zinahusu kidole changu. Mtu ametengeneza stika. Shaima, mwanafunzi aliyeanza kushika lehemu mwezi uliopita, ameniandikia pembeni kwa adabu: shikamoo fundi, kwani kidole kinauma? Husuda tupu. Nikatuma picha nyingine kwa gumba la kushoto, waone kwamba la kulia ni zima.

Jioni nimemkuta mama mkwe amekaa juu ya ndoo mbele ya tanuru, kiganja ukutani, kichwa kinaanguka. Hajalala tangu jana. Akaniambia mkwe, usijali, kifaa ni kizuri, labda hakijazoea joto la huku. Alikuwa ananifariji. Afadhali angenitukana.

Nimepanda kichuguu. Nimetoa kidole.

Alhamisi, 13 Februari

Jibu lilikuja baada ya dakika nne, na wote kumi na tisa waliojibu walisema kitu kimoja: rezista iko wapi? Ngollo alinitumia ujumbe wa sauti, polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Waya mfupi wa mezani unavumilia kukosa rezista, wa mita nane hauvumilii. Na −127 si joto. Ndivyo programu inavyosema kwamba sensa haisikiki.

Saa sita mchana konda wa basi la Tabora akanikabidhi bahasha kutoka kwa Yaser. Ndani rezista tano, kila moja kama punje ya mchele, na kikaratasi: "Moja ya kazi, nne za ubishi."

Saa saba na robo kioo kikasoma 36. Mama Esperansi akabandika kiganja, akafikiri, akasema, bila kutazama kioo, thelathini na sita. Kisha akaenda kulala. Honi ililia mara mbili, shemeji akaongeza gogo moja kila mara.

Namshukuru Yaser. Mwandiko wake ni mbaya, lakini namshukuru.

Jumanne, 18 Februari

Tumefungua bani. Fito 302, rangi ya limau bivu. Mama mkwe amelala vizuri siku tano mfululizo. Amenipa jogoo, na amewaambia majirani kwamba kifaa ni cha mkwe wake. Habari za magogo tisa hakuzitaja.

Nimewashukuru kundini wote kumi na tisa, kwa majina, hata wa stika. Janeti amesoma, akasema mume wangu sasa umekua. Nimeguswa sana.

Yaser ameuliza nini kinafuata. Ni mizani ya mizinga ya nyuki, kwa mjomba wake Janeti kule Sikonge, mizinga arobaini. Nimeshaanza. Nimegundua kwamba wote huweka kapasita moja karibu na chipu ya mzani. Nimeiuliza kazi yake, imekaa kimya. Nimeitoa, na mezani mzani unapima barabara.

Nimetuma picha. Kidole kimoja hakikutosha kufunika pale, nimetumia viwili.