Bwege Anajipa Moyo

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa ushauri kasema ubongo husikiliza unavyojisemesha. Ukijiita bwege kila siku, unasahau hata unachokijua. Ukijielekeza kwa upole, kama rafiki, akili hutulia. Kumbe nimejimaliza mwenyewe! Najiita bwege tangu darasa la nne. Tena kwa lugha mbili.

Alhamisi kuna mchujo wa timu ya hesabu. Nafasi imebaki moja. Baba anafanya kazi mbali, hajaja nyumbani tangu mwaka jana. Kaahidi: nikiingia timu nikapanda jukwaani kushindana, ataomba ruhusa aje kunitazama. Mpinzani wangu ni Kalkuleta, jirani yangu wa dawati. Yeye anataka fulana ya timu tu!

Jumanne, 4 Machi
Nimejifungia chumbani. Nikakiambia kioo: wewe una akili, wewe ni moto! Mama akaacha cherehani, akagonga, akauliza niko na nani humo. Akafungua kabati. Akachungulia uvunguni. Nikamwambia naongea na nafsi yangu. Akauliza, na huyo nafsi anajibu? Nikakiri anajibu, na ana mdomo mchafu. Mama akasema hata yeye anaye wake, ila hunyamaza cherehani ikilia. Akarudi kushona.

Jumatano, 5 Machi
Nikijielekeza kimoyomoyo, hola. Nikinong'ona, hesabu zinakubali. Kalkuleta kaniona midomo inacheza, kaniuliza kama natafuna karanga bila kumgawia.

Alhamisi, 6 Machi
Ukumbini. Hesabu zote zikanikimbia. Bwege, ikasema ile sauti. Nikaizima kwa mnong'ono: tulia mpenzi, zidisha kwanza, sasa toa, andika mia moja thelathini na sita. Jamani! Swali la kwanza hadi la tisa, kama maji. Kwa dakika chache nilijipenda.

Kisha msimamizi akasimama kichwani pangu. Anayenong'ona hutolewa. Nikajitetea kwamba ni sayansi ya ubongo. Akasema nikaifanyie nje. Mlangoni nikageuka. Kalkuleta alikuwa ameinua kalamu, sikio bado limeelekea kitini pangu, anasubiri la kumi.

Ijumaa, 7 Machi
Kalkuleta kapita. Kapata tisa. La kumi kaliacha wazi! Kanishukuru mbele za watu, kaniita mwalimu wake. Sikufungua mdomo. Leo ndiyo umejua kunyamaza, ikasema sauti.

Jioni nikampigia Baba kwa simu ya Mama. Akasema haidhuru, mwanangu, safari nyingine. Alisema upesi mno, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mama akawa anaendesha cherehani. Haikuwa na kitambaa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimegundua kosa. Si kunong'ona, ni lugha! Kiingereza kinampiga chenga Kalkuleta. Mwakani nitanong'ona kwa Kiingereza, na kila hatua nitakohoa ili msimamizi asisikie. Nimeshaanza mazoezi. Mama kauliza kama kifua kinaniuma.

Nimejiambia mwakani Baba atakuja. Nimejiambia kwa lugha zote mbili.