Duru Hamsini za Uhakika

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi moja ya msaidizi wa maabara! Ijumaa tunashindana wawili, mimi na mwanafunzi mwenzangu ninayemwita Miwani: kipokezi cha nani kitasafisha vizuri picha iliyovurugwa na mwangwi wa redio. Kipokezi ni programu ya kompyuta yenye vitu viwili ndani. Kisawazishi huondoa mwangwi, kisimbuzi husahihisha makosa, kisha hupeana fununu, duru baada ya duru, hadi picha itakate. Miwani anatumia duru tano. Maskini wa Mungu! Mimi hamsini.

Jumanne, 4 Machi
Kompyuta inakokota miguu. Nimeondoa hatua moja: ile ya kila upande kufuta fununu ulizopewa na mwenzake kabla ya kujibu, ili urudishe jambo jipya tu. Adabu za nini kati ya mashine? Sasa inakimbia, na inasema ina uhakika asilimia mia. Miwani akauliza kama nimehesabu makosa. Nikamjibu kwamba mwenye uhakika hana haja ya kuhesabu. Akainamia daftari lake, akaendelea kuhesabu yake. Wivu tu huo.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia dada kazi nimepata. Akauliza nani kasema. Mchana mjomba akanipigia kunipongeza, katoka kuongea na dada. Si unaona? Hata mjomba, aliye mbali huko, anajua! Dada amenishonea shati la kazini. Zuri mno.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu tupu! Picha ilikuwa ya Profesa mwenyewe, mkuu wa maabara. Duru ya kwanza, alitambulika. Ya kumi, jicho moja likaenda zake. Ya hamsini, mabaka matupu, na kipokezi bado kinaapa asilimia mia. Profesa akaeleza kwa upole kwamba mashine yangu inasikia sauti yake yenyewe ikirudi, inadhani ni shahidi wa pili. Miwani kapata nafasi. Nililifikiria lile shati, machozi yakanilenga. Ila Profesa akaongeza kwamba ni mwepesi wa kazi, nirudishe ile hatua, Juni kuna nafasi nyingine, nijaribu tena. Miwani naye akanipa daftari lake, bila hata kunicheka.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeelewa kila kitu! Hatua nimeirudisha, na makosa yanapungua kweli. Nikampigia mjomba, nikamwambia Juni kazi ni yangu. Jioni shangazi akapiga, ana furaha, kasikia Juni naajiriwa. Kasikia wapi? Kwa mjomba. Basi tayari ni watu wawili, kila mmoja na nyumba yake, wanasema jambo lile lile. Nimelivaa shati nione linavyonikaa. Kesho nampigia babu.